Herald ya Kuka: maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu kufufua gari ya zamani ya paa la kukunja na familia

Tangu tuanze kutoa hii gari Jumapili jioni hapa Nakuru hatumalizi Kenyatta Avenue bila kusimamishwa. Ukienda kuweka petroli wanauliza, ukienda kanisani wanauliza, na wengine wanapiga simu usiku wakisema wamepewa namba na jirani. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimekaa na baba na dada yangu tukaandika majibu yote mahali pamoja. Ni marefu, najua, lakini kuna watu wengi wako na gari ya mzee imelala ushago na hawajui pa kuanzia, na hao ndio nawaandikia zaidi.

Hii ni gari gani, na ni ya mwaka gani?

Ni Triumph Herald 13/60 ya 1969, ile ya paa la kukunja. Herald ilikuwa inaundwa Coventry kule Uingereza. Ilitoka mara ya kwanza 1959, umbo lake lilichorwa na Muitaliano anaitwa Giovanni Michelotti, ya paa la kukunja ikafuata 1960, halafu hii 13/60 ikaanza 1967 na kuisha 1971. Injini ni 1296cc, silinda nne, kabureta moja ya Stromberg, breki za diski mbele na dramu nyuma.

Kitu kinachofanya hii gari iwe nzuri kwa familia isiyo na gereji ni kwamba chesisi yake iko peke yake na bodi imekalia juu kwa maboliti, kama lori. Unafungua, bodi inatoka. Na boneti inafunguka yote mbele pamoja na mudigadi zake, kwa hivyo unakalia tairi unashughulikia injini kama mtu ameketi kwa stuli. Baba yangu ana miaka 68 na magoti yake si mazuri, na amefanya kazi ya injini karibu yote akiwa amekaa.

Mliitoa wapi?

Ilikuwa ya kuka, yaani babu yetu, kule Webuye. Alikuwa mwalimu wa primari, akainunua ikiwa imetumika 1976 na kuiendesha hadi 1993 klachi ilipoisha, akaisukuma chini ya mwembe akasema ataitengeneza pesa ya miwa ikilipwa. Alifariki 2008 ikiwa bado hapo. Tulipoenda Krismasi ya 2017 tairi zilikuwa zimezama kwa udongo hadi rimu, paa limeoza limebaki mifupa ya chuma, na kwa kiti cha nyuma kuku alikuwa ametotoa. Lakini kioo cha mbele kilikuwa kinang'aa. Kukhu, yaani nyanya, alikuwa anakifuta kila Jumamosi na maji na kitambaa, miaka yote hiyo, hakuna mtu alikuwa anajua mpaka siku hiyo tulimkuta akifanya.

Kuileta Nakuru tulitafuta lori lililokuwa linarudi tupu kutoka Malaba, juu lori la kurudi tupu bei yake ni ya kuelewana. Ni zaidi ya kilomita 200, unapita Eldoret na Timboroa. Kama utasafirisha yako, weka upepo kwa tairi hata kama ni tubu za kuazima, na kamba funga kwa chesisi ama kwa ekseli, bampa achana nayo kabisa, itabaki kwa mkono.

Nataka kuanza na familia yangu, tuanzie wapi?

Anzia kwa karatasi. Najua unataka kushika spana, lakini nakuomba uniamini hapa.

Logbook ilikuwa bado kwa jina la kuka na mwenye jina ameshaenda. Gari ni mali ya marehemu kama shamba tu, kwa hivyo lazima muende kortini mfungue faili ya urithi. Tulianza na barua ya chifu, watoto wote wa kuka wakatia sahihi, ikatangazwa kwenye Kenya Gazette siku 30 kama kuna mtu anapinga, halafu baada ya kupewa ile hati ya usimamizi mnangoja tena miezi 6 ndio mhakikishiwe. Hapo sasa ndio unaweza kuhamisha jina kule NTSA, ile mamlaka inayosajili magari. Sisi ilituchukua hadi katikati ya 2019 na hatukufungua boliti hata moja kabla ya hapo. Kuna familia namjua mtu wao walitengeneza kwanza, gari ikapendeza, halafu ndugu aliyekuwa kimya miaka yote akajitokeza akadai ni yake, na kwa sheria hakuwa amekosea sana.

Piga picha namba ya chesisi na ya injini kabla hujakwangua kitu chochote, na uone kama zinalingana na logbook. Ukibadilisha injini ama rangi, logbook pia lazima ibadilishwe.

Pia tuliandika ukurasa mmoja wa makubaliano sisi wenyewe kwa familia: gari ni ya nani, inaweza kuuzwa kwa idhini ya nani, na mtu akiacha kuchanga anapoteza nini. Shangazi alisema ni aibu kuandikiana kama watu hawajuani. Alitia sahihi lakini, na mwaka wa tatu yeye ndiye aliitoa hiyo karatasi kwa mkoba kumaliza ubishi.

Imewagharimu ngapi?

Karibu laki nane kwa miaka minne na nusu. Tulikuwa watu sita, kila mmoja 2,500 kwa mwezi kwa M-Pesa ya mama, na mama ndiye alikuwa anatoa, hakuna mwingine. Kuna miezi watu wawili walikosa na wengine wakajazia. Kilichokula pesa zaidi ni injini, spea za kutoka nje na kromi. Rangi ilikula kidogo kuliko watu wanavyofikiria, lakini hiyo ni kwa sababu ilikuja mwisho ikakuta bodi iko sawa.

Kwa nini hamkuanza na rangi? Si hata watu wangechanga haraka wakiona inapendeza?

Hili swali baba mdogo aliuliza kila mkutano kwa miaka miwili. Na kuna fundi alikuja siku ya kwanza akaizunguka, akagongagonga milango, akasema mpeni wiki tatu itatoka kama mpya. Alikuwa anamaanisha fila, ule udongo wa kuziba mashimo, na rangi juu yake.

Baba alimwambia angoje kidogo. Akachukua bisibisi ya kawaida, akalala chini ya gari upande wa dereva, akasukuma kwa ile mikono ya chesisi inayotoka pembeni kushikilia bodi. Bisibisi iliingia yote mpaka kwa mpini. Hakutumia nguvu. Akaitoa, ikamwagika kutu nyekundu kama majani ya chai kwa uso wake. Hiyo mikono ndiyo inashikilia mahali mtu amekalia. Ukipaka rangi juu ya gari kama hiyo umemfunika mtoto wako blanketi safi akiwa na kidonda ndani, na siku utagonga shimo kule Salgaa ndio utajua.

Kwa hivyo tukapanga hivi na hatukubadilisha: chesisi, breki na stelingi, injini, waya, bodi, paa, ndani, rangi. Pesa ikiisha katikati, na itaisha, iwe imeisha mahali gari haiwezi kuua mtu.

Mliinuaje bodi bila mashine?

Watu wanane wa kanisa na mama akapika chapati. Lakini sikiliza, kwa gari ya paa la kukunja kuna kitu lazima ufanye kwanza. Gari ya kawaida paa ndilo linashikilia mbele na nyuma, hii haina, kwa hivyo ukiinua hivi hivi inajikunja pale kwa milango na hutawahi kufunga mlango vizuri tena maishani. Tulichomelea vyuma vya engo kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, pande zote mbili, na kimoja kukatisha katikati. Tulipima mapengo ya milango kabla na tukaandika kwa ukuta na chaki.

Na kati ya bodi na chesisi kuna washa, zile pete bapa za boliti, na vipande vya kupandisha kila boliti kwa kiwango chake. Usivitupe kwa debe moja. Tuliviweka kila kimoja kwa pakiti ya unga na jina lake, "kushoto mbele", "kushoto katikati", hadi mwisho. Mtoto wangu ndiye alikuwa anaandika, alikuwa na miaka 9 hapo, na herufi zake ndizo zilituokoa miaka miwili baadaye wakati hakuna mtu mzima alikuwa anakumbuka kitu.

Kutu mnaondoa na nini?

Vipande vikubwa ni grainda na brashi ya waya, na chuma kilichoisha kabisa kinakatwa na kuwekwa kipya, hakuna dawa ya chuma ambacho hakipo.

Lakini vidude vidogo, bawaba, mabraketi, pedali, tulitumia magadi. Ndiyo, yale magadi ya kulainisha mboga, unapata sokoni. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, kijiko kimoja cha magadi kwa kila lita 4 hivi, unatumbukiza kile kipande chenye kutu na pembeni unaweka chuma kizee usichokihitaji, visigusane. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwa kile unataka kusafisha, chanya kwa kile chuma kizee. Ukigeuza utakula kipande chako mwenyewe. Inaanza kutoa povu dogo dogo na maji yanageuka rangi ya chai, acha usiku mzima, asubuhi kutu imelegea unafuta na brashi ya sahani. Fanya nje ama mahali penye hewa, juu ule moshi wa povu ni haidrojeni na cheche inaweza kuulipua, na zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Na kile chuma kizee kisiwe stenlesi kabisa, kinatoa sumu kwa maji. Ukitoa kipande kausha na upake praima siku hiyo hiyo, ukilala nacho hivyo asubuhi kimeshaota kutu tena.

Injini ilikuwa imeshika?

Ilikuwa imeshika kabisa. Usijaribu kuwasha na stata, na usivute gari ikiwa kwa gia, utavunja pete za pistoni. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina mafuta ya gia boksi ya otomatiki kwa kila silinda, tukaacha wiki mbili, kila jioni baba anaongeza kidogo. Halafu spana ndefu kwa boliti ya puli ya mbele, unasukuma kidogo huku, kidogo kule. Siku ya 16 ikasogea kama upana wa kidole. Baba aliita nyumba yote itoke nje.

Ikapelekwa kuchongwa silinda na kupewa pistoni za saizi inayofuata. Kama unatafuta injini ya Triumph ya namna hii, fanya hii kitu kabla hujainunua: mtu akanyage klachi na wewe uangalie puli ya mbele. Ukiona imesogea mbele na nyuma kwa macho, zile washa za kuzuia krenki zimekwisha ama zimedondoka, na hiyo inaweza kuharibu bloku yote. Ni washa ndogo na bei yake ni ndogo, lakini ukichelewa umenunua injini.

Spea mnatoa wapi?

Nyingi zaidi ya vile watu wanafikiria bado zinatengenezwa, kwa sababu Herald inashiriki vitu na Triumph Spitfire na Vitesse na kule Uingereza kuna watu wengi sana bado wanazo. Tulikuwa tunakusanya oda kubwa mara moja kwa mwaka, maana kila kifurushi kina ushuru na VAT ya 16% na nauli, na kuagiza kitu kimoja kimoja ni kutupa pesa.

Lakini usikimbilie kuagiza kila kitu. Beringi zina namba imechapwa ubavuni, ukienda na hiyo namba duka lolote la beringi Nakuru ama Kisumu watakupa, hawahitaji kujua ni ya gari gani. Mafan belti vivyo hivyo. Mabomba ya breki ya kopa yanakunjwa hapa hapa. Mpira wa kuziba milango tulipata kwa fundi wa basi. Dada yangu anaishi Kisumu, yeye alienda Kibuye kwa watu wa jua kali na sampuli ya tangi la rediata iliyooza, wakamuundia ingine ya brasi ambayo haijavuja mpaka leo.

Kuna spea moja ambayo mtu hawezi kupuuza?

Trunioni. Ni kale kakipande ka brasi kule chini upande wa ndani wa gurudumu la mbele, ndiko gurudumu linazungukia ukikata kona. Makanika wengi wakiona ile nipo, yaani kale kachuchu ka kuingizia grisi, wanapiga grisi, na kwa gari zingine nyingi wako sawa. Kwa Herald haiendi grisi, inaenda mafuta mazito ya gia, EP90. Grisi inakauka kule ndani, maji yanaingia kwenye nyuzi, chuma kinaoza bila kuonekana na siku moja gurudumu linalala chini kama mguu umevunjika. Nimeandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: MAFUTA, SI GRISI. Hata ukipeleka gari kwa fundi unayemwamini kama mama yako, simama hapo uone.

Watoto wanaruhusiwa kufanya kazi?

Wanafanya, na ni kazi ya kweli. Kumpa mtoto kitambaa afute afute tu anajua umemdanganya. Wangu alikuwa na kazi yake: pakiti za maboliti, picha, na baadaye kusoma mchoro wa waya, ambao ukiangalia vizuri ni wa kirafiki, kila rangi na kazi yake, kahawia ni ya moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni ya swichi ya kuwasha, nyeusi ni ya kurudi kwa bodi. Leo ana miaka 14 na ukimuuliza taa ya kushoto kwa nini haiwaki hakisii, anachukua testa anafuata waya.

Lakini kuna mstari. Breki na klachi za zamani zilikuwa na asbesto, ile vumbi ya ndani ya dramu usipulize na kompresa hata wewe mtu mzima, loweka na maji ufute na kitambaa utupe. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, piga msasa wa maji na watoto wawe mbali. Tangi la petroli halichomelewi na mtu wa nyumbani hata kama limekaa tupu miaka 20. Na hakuna kichwa kinaingia chini ya gari iliyo kwa jeki peke yake, wala kwa mawe, wala kwa matofali, ni stendi za chuma. Hiyo mama aliiweka sheria na hata pasta alipokuja kusaidia ilimhusu.

Mlikosana?

Ndiyo. Mwaka wa tatu baba mdogo aliacha kuchanga miezi minne, na alikuwa na ada ya shule mbili, hakusema kwa sababu ya aibu. Sisi tukadhani amekasirikia mambo ya rangi. Mimi nilimwandikia maneno makali kwa kikundi cha WhatsApp usiku, watu wote wakasoma. Ilibidi niende Eldoret kwake nimwombe radhi uso kwa uso. Tangu hapo mambo ya pesa hayaongelewi kwa kikundi, mama anapiga simu mtu mmoja mmoja, na ukisema huna unasema tu huna na kazi ya mikono inahesabika kama mchango. Baba mdogo ndiye alipiga msasa bodi yote. Yote, kwa wiki tano, na hakuna mawimbi ukitazama ubavuni wakati jua linatua.

Paa lilishonwa na nani?

Mama! Watu hawaamini. Mama ni fundi cherehani miaka 35, uniform za shule na nguo za harusi, lakini paa la gari ni kitu kingine na alikataa mwanzoni.

Tulikuwa na vipande vya paa la zamani, vimeoza, lakini mshono ulikuwa unaonekana. Alivifungua polepole na wembe, akavipiga pasi chini ya gazeti, akatoa patani kwa karatasi ya khaki. Halafu akashona la kwanza kwa kitambaa rahisi cha shuka kuukuu, tukalivalisha kwa mifupa, akatembea akizunguka na pini mdomoni akikaza hapa na kulegeza pale. La pili pia likawa la shuka. La tatu ndio likawa la vinili ya kweli. Cherehani yake ya mguu haikuweza ile unene, akaenda kuazima mashini nzito kwa fundi wa viti vya matatu, ile ambayo mguu wake unatembea na kitambaa juu na chini, la sivyo safu moja inateleza na mshono unapinda. Uzi ni wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa mvua, wa nailoni jua linaumaliza.

Kulifunga tulingoja saa saba mchana, jua kali, tukaanika vinili kwa mabati ilainike. Ukifunga ikiwa baridi, siku ya jua italegea na maji yatakaa katikati kama sufuria. Watu wanne wakivuta, mama akisema "bado, bado, hapo". Mahali sindano ilipita alipaka gundi ya kuziba kwa ndani na kidole chake, tundu kwa tundu.

Na kulitunza: usilikunje likiwa limelowa. Kile kioo laini cha nyuma usikifute kikiwa kikavu, vumbi ya Nakuru itakikwaruza mpaka usione, mwagia maji kwanza, na ukikunja weka taulo katikati.

Inatumia petroli ya kawaida? Haisumbui na huu mwinuko?

Inatumia ya kawaida. Injini kama hii iliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ndiyo ilikuwa inalinda siti za valvu. Ilishaondolewa Kenya tangu 2006, kwa hivyo injini ikiwa wazi weka siti ngumu za valvu za ekzosti na utasahau hilo jambo.

Mwinuko unasumbua. Nakuru tuko karibu mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130, na kila ukipanda mita 300 injini inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Kabureta iliyopimwa Kisumu ikifika hapa inatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa kama makaa. Sisi tumeipima kwa Nakuru, na tukishuka Kisumu kwa dada baba anaifungulia petroli kidogo.

Rangi sasa?

Wedgwood Blue, tuliikuta nyuma ya dashibodi mahali jua halikuwahi kufika. Kuka alikuwa ameipaka kijani juu yake, rangi iliyobaki ya milango ya kanisa, na tumeacha kipande cha hiyo kijani ndani ya buti bila kukigusa. Ilipigwa saa kumi na mbili asubuhi kabla ya upepo, sakafu imemwagiwa maji. Kama unatumia ile rangi ya kuchanganya na hadena usipige bila barakoa ya kupelekewa hewa safi kwa mpira, kitambaa cha mdomo hakisaidii kitu.

Inaendeshwa vipi?

Polepole na kwa furaha. Inageuka mahali padogo ajabu, kama mita 7 na nusu, barabara ya estate unageuza mara moja bila kurudi rivasi. Lakini magurudumu ya nyuma yanabembea, kwa hivyo kona usiingie na kasi halafu uachilie mafuta ghafla ama ukanyage breki katikati, nyuma itainuka na kukuzungusha. Punguza kabla ya kona, ingia, ongeza mafuta kidogo utoke.

Kukhu alipopanda mara ya kwanza alikaa mbele, akashika mlango, akanyamaza kidogo halafu akauliza mbona kiti kiko juu kuliko cha zamani. Tulimwambia ni mazoea tu. Baadaye dada akapima picha za zamani akaona ni kweli, sponji mpya ya kiti ilikuwa nene. Ikakatwa sentimita 4.

Mnakodisha kwa harusi?

Za familia na za kanisa, bure, baba akiwa dereva. Zingine hapana, bima yetu si ya biashara.

Mnauza?

Hapana, na ile karatasi ya makubaliano inataka sahihi saba.

Imebaki nini?

Geji ya petroli inasema robo hata tangi likijaa, mtoto anasema ni kale kakuelea ndani ya tangi na nadhani yuko sawa. Kromi ya bampa ya nyuma imeanza madoa. Na mwezi wa tatu mvua ndefu ikianza mama amesema gari ilale nje usiku mmoja paa likiwa limefungwa, na yeye atalala na simu karibu, ili asubuhi apitishe mkono kwa kila mshono.